Mkalimani Aliyesukutua Kinywa

Kabla hajatoka lugha moja kuingia nyingine, alisukutua kinywa. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Kila alipokwenda kwenye baraza la Bwana Mkubwa wa serikali, mahali palipokuwa pakisikilizwa mashtaka ya watu wa Amu na visiwa vyake, alibeba birika dogo la shaba. Akishamsikiliza Mhindi huinuka, huenda dirishani, husukutua, hutema, kisha hurudi kumweleza Mzungu kwa Kiingereza. Akimgeukia Msomali mwenye ng'ombe, vivyo hivyo. Wapita njia waliijua hatari ya dirisha lile, na wenye kanzu safi walizunguka upande wa pili. Ukimwuliza kwa nini, alijibu kwamba maneno yana mafuta kama chakula, na mwenye adabu hali halua kwa mkono uliotoka kwenye samaki.

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulizeni wanaopenda kuhesabu mababu, Amu hawakosekani. Mimi nilimjua akiwa tayari ni Mkalimani, na mji mzima ulimwita hivyo, hata mkewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ana mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata mvua inyeshe, kwa kuogopa kuuharibu.

Nasema wazi kwamba nilimpenda. Lakini nilianza kwa kumchukia.

Wakati ule, miaka kadhaa kabla ya vita vya Wajerumani, nilikuwa miongoni mwa vijana waliokwisha maliza darasa kubwa la msikitini. Tulikuwa na nahau ya Kiarabu, tulikuwa na fiqhi, na tungeweza kukugawia mirathi ya mtu aliyeacha wake wanne na madeni bila kukuna kichwa. Kazi ndiyo tuliyoikosa. Kazi mpya zilizoingia mjini, za forodhani, za posta, za mawakala wa meli, za mashamba ya Wazungu kule bara, zote zilitaka lugha ambazo sisi hatukuwa nazo. Basi waliletwa watu kutoka mbali, wakapanga nyumba zetu, wakakalia madawati ya kazi hizo, na sisi wenyeji tukabaki kukaa barazani tukibishana iwapo udhu wa mtu aliyepiga chafya unabatilika. Haubatiliki, na sote tulilijua hilo, ila tulikuwa na muda.

Mimi muda wangu ulikuwa na mwisho. Mama yangu alikuwa mjane na sina ndugu. Mjomba wangu aliyekuwa Mombasa alikwisha sema kwamba nisipopata kazi Amu mpaka mfungo utakapokwisha, atanichukua nikamsaidie kwenye ghala lake. Mama alikubali kwa mdomo. Lakini nyumba yake hakuwa tayari kuiacha, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa akipapasa ukuta akienda jikoni, akidhani sioni.

Alasiri moja Mkalimani alitukuta hapo barazani. Akasimama, akautia mwavuli kwapani, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mna Kiarabu cha kusemea na maiti," alisema. "Mnakiyua cha wafu wote waloandika zitabu. Huyo Mwarabu Mshihiri auzao kahawa hapo, ni nani kati yenu alomuuliza habari za kwao akamwelewa?"

Mwenzangu mmoja, mwenye ulimi mwepesi, akamjibu kwamba lugha ya kafiri haimfai mwanafunzi wa dini.

"Wewe mwanangu waogopa lugha ya kafiri," akasema, "na kesho kafiri atakuuliza shamba la babako ni la nani, nawe utamwitikia amina."

Akaenda zake. Nilimchukia siku nzima. Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwake, na mwenye ulimi mwepesi alikuwa amenitangulia.

Hakuwa na kitabu cha kufundishia. Somo la kwanza lilikuwa kukaa. Alinipeleka kwenye duka la Mhindi mwuza nguo, akanikalisha kwenye kigoda karibu na majora, akaniamuru nisifungue kinywa. Jioni alinitaka nimweleze, si maneno waliyosema, bali nani alimkasirikia nani na alijuaje kukasirika bila kuvunja biashara. "Mtu akicheka hujamjua," alizoea kutuambia. "Ngoja akasirike." Nilikaa pale mpaka watoto wa Mhindi wakaniona sehemu ya duka, na siku moja nikashtuka kwamba ninaelewa mke wake anavyomsema kwa kununua samaki aliyelala.

Somo la pili lilikuwa la matangani. Akisikia msiba, uwe wa Mhindi, wa Mshihiri au wa Mbajuni, alitukusanya na kutupeleka. Alishikilia kwamba hujui lugha ya watu mpaka ujue kumpa pole aliyefiwa, maana hapo huna nafasi ya kubahatisha. Nilijifunza kumpa pole mjane wa Kihindi kabla sijajua kuhesabu kwa lugha yake. Watu walitucheka, wakatuita wanafunzi wa jeneza. Yeye hakujali. Kiingereza ndicho kilichomshinda kwa njia hiyo, kwa kuwa Wazungu walikuwa wachache na hawakuwa na haraka ya kufa.

Kwa Kiingereza basi alitumia njia nyingine. Alitenga siku, na siku hiyo anayeponyokwa na Kiswahili nyumbani kwake alimtekea mkewe maji. Mitungi ya Bi, ndivyo tulivyomwita, haikukauka mwaka ule. Bi mwenyewe alitushawishi. Alikuwa akipita nyuma ya pazia akiuliza kwa sauti tamu, "Wanangu, mtakula mkate wa mofa?" na sisi wenye njaa tukaitikia kwa lugha ya mama zetu, tukashika ndoo.

Bi huyo alijua lugha moja tu, na kwa hiyo moja alimshinda mumewe kila siku. Waligombana juu ya birika, juu ya mwavuli, juu ya wanafunzi waliojaa ukumbini. Mkalimani aliyewapatanisha Wahindi na Wasomali na Wazungu, akigombana na mkewe alinuna tu kama mtoto aliyenyimwa kashata. Siku moja nilimsikia Bi akimwambia jirani yake, "Ana ndimi za dunia nzima, na hana moya ya kuniombea radhi." Nilipomhadithia Mkalimani, nikidhani atakasirika, alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini jioni ile nilimwona akitoka sokoni na asumini amezifunga kwenye jani, amezificha chini ya mwavuli.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na majivuno. Alipenda kupita usita wa mui, ile njia kuu inayoupasua mji, saa watu wamejaa, amsalimie kila mmoja kwa lugha yake: huyu Kihindi, yule Kisomali, yule Kiarabu cha Hadhramauti, hata kama mtu mwenyewe alizaliwa papa hapa mtaani Langoni na hajui ila Kiamu. Alitukataza umbeya, naye aliujua umbeya wa mji kwa kila lugha uliosemwa. Alitusukuma tutafute kazi za serikali, na papo hapo aliilaani serikali kila alipovua viatu kuingia nyumbani kwake. Walipomwita Mombasa akapewe kiti kikubwa zaidi alikataa, akasema maji ya kule hayasukutuliki. Na sifa hakumpa mtu. Ukisema vizuri alikohoa. Ukisema vizuri sana alitazama dirishani. Nilijifunza kukitafuta kikohozi chake kama watu watafutavyo zawadi.

Sheria yake ya kazi ilikuwa moja, na aliirudia mpaka tukaisema usingizini: usiongeze, usipunguze. Mkalimani si wakili na si kadhi. Mtu akitukana, fasiri tusi. Akilia, usimfute machozi kwa maneno yako.

Hata hivyo, sheria hiyo ilimwachia jeraha, na alinionyesha jeraha lenyewe siku niliyogundua kwamba ni kiziwi.

Nilikuwa nimekaa kuliani kwake nikimsimulia jambo, naye hakuitikia. Nikadhani amenuna. Bi akatoa kichwa kwenye pazia akanipungia mkono nihamie kushoto. Ndipo Mkalimani akaniona ninavyomtazama, akashusha pumzi.

"Sikio hili limefunga duka," akasema, akigusa la kulia. "Na hili la pili laanza kukunda jamvi. Bwana Mkubwa hayui. Nasoma midomo. Siku atakayoyua ataleta mtu wa mbali akae pale pangu."

"Ataleta mtu anayejua Kiingereza kuliko sisi," nikasema.

"Kiingereza!" Alinikazia macho. "Keti nikwambie kilotokea na Kiingereza changu kizuri."

Akanihadithia. Miaka mingi nyuma alikuja barazani mtu wa Kizingitini, kushtaki kwamba ndugu yake amepigwa na watu wa mkubwa mmoja wa kule. Alikuwa mzee wa heshima, na amevuka bahari kutoka kisiwa chao cha Pate kwa ajili ya shauri hilo tu. Bwana Mkubwa wa wakati ule alikuwa na haraka. Swali lake la kwanza lilikuwa: ndugu yako hali yake vipi sasa? Na yule mzee, kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa katika visiwa vyetu, akajibu, "Hayambo, alhamdulillahi. Ni kheri." Kwetu habari mbaya haitangulii mlangoni. Kwanza kheri, kwanza kumshukuru Mungu. Mwenzako akuulize mara ya pili, akuulize na ya tatu, ndipo useme kwamba mtoto ana homa, ndipo useme kwamba nyumba imeungua. Mkalimani akasukutua, akafasiri kama alivyosikia: anasema ndugu yake ni mzima, anamshukuru Mungu. Bwana akasema, basi hakuna shauri, aitwe mwingine. Mzee wa Kizingitini hakuelewa kilichotokea. Alingoja aulizwe tena, na hakuna aliyemwuliza. Kwa adabu yake akainama, akatoka. Ndugu yake alikuwa hawezi kuinuka kitandani, na hakuinuka tena.

"Sikuongeza, sikupunguza," alisema Mkalimani. "Na mtu mefukiwa na haki yake."



"Mtu wa mbali atafasiri kama nlivofasiri mimi," akaendelea. "Kiti kile ni cha mtu ayuao kwamba siyambo yetu si habari, ni hodi. Ndiyo sababu nawasumbua nyinyi. Hamkunielewa?"

Nilimwelewa. Na niliogopa, maana mpaka hapo nilidhani natafuta kazi ya kumlinda mama yangu tu.

Haukupita muda mrefu Bwana Mkubwa akaligundua lile sikio. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mkalimani amalize mwezi kwa heshima, na kwamba karani mmoja Mhindi wa Kigoa atajaribiwa mahali pake. Mkalimani akasema ana kijana wa Amu. Bwana akasema, mlete naye, wajaribiwe pamoja.

Karani wa Kigoa nilimpenda mara tu nilipomwona. Kiingereza chake kilimiminika, changu kilidondoka. Kiswahili chake alikiokota bandarini Mombasa, na kilikuwa kizuri, chenye haraka kidogo. Tulipokuwa tukingoja nje alinigawia vitu vitamu alivyotumiwa na dada yake. Mama yangu alikuwa amenisomea dua mpaka kanzu ikalowa mate. Mfungo ulikuwa umekwisha, mjomba naye alikuwa amefika kutoka Mombasa, na sanduku langu lilikwisha fungwa.

Aliyeletwa mbele yetu alikuwa bibi kizee wa Kipungani, msukaji mikeka. Shauri lake lilikuwa juu ya msitu mdogo wa mikindu alikozoea kukata ukindu, majani ya kusukia, yeye na mama yake kabla yake. Mtu mwenye shamba jirani alikuwa ameuzungushia ua. Bwana Mkubwa akauliza, kwa sauti si kali: tangu ua huo uwekwe, umekuwa ukiishi vipi?

Karani akamfasiria. Bibi akaweka mkono kifuani.

"Kheri, bwana wangu. Alhamdulillahi. Hatuna neno. Mngu hamtupi mja wake."

Karani akalifasiri jibu lake, neno kwa neno, Kiingereza safi: anasema ni heri, anamshukuru Mungu, hawana shida. Hakukosea hata kidogo. Bwana Mkubwa akainua kalamu. Akanigeukia mimi kwa desturi tu, akaniuliza kama nina la kusahihisha.

Nilimtazama Mkalimani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, macho yake yapo kwenye midomo yangu. Sheria yake niliijua: usiongeze, usipunguze. Nikamwona yule bibi amesimama palepale, hajaondoka, anangoja, kama mzee wa Kizingitini alivyongoja. Nikaomba maji. Birika likapitishwa kutoka benchini, nami nikaenda dirishani nikasukutua, na chini kuna mtu alitukana.

Nikasema kwa Kiingereza changu cha kudondoka kwamba maneno ya karani ni ya kweli yote. Ila bibi huyu bado hajajibu swali la Bwana. Amempokea tu. Kwetu mtu huulizwa hali mara ya kwanza ili amshukuru Mungu, na huulizwa tena ili aseme. Nikaomba aulizwe tena.

Bwana Mkubwa akakunja uso. Akaniambia kwamba hapa si mahali pa mkalimani kumtetea mshtaki.

"Simtetei, Bwana," nikasema. "Sijui atasema nini. Labda atasema ni heri tena. Naomba aulizwe."

Kisha Bwana akatikisa kalamu: muulize.

Nikamgeukia bibi. "Bi wangu, na huko nyumbani?"

"Ni kheri, mwanangu."

Nikalifasiri hilo pia. Karani wa Kigoa alinitazama kwa huruma. Nikauliza mara ya tatu. "Na mikeka, Bi?"

Bibi akashusha mkono wake kifuani.

"Mikeka iko wapi, mwanangu? Tangu ua kutiwa sina ukindu. Sina ukili wa kushona. Mikono yangu imeketi kama wageni. Wajukuu wangu walala na ndaa, na mimi nawaambia kesho, kesho." Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Nikafasiri. Sikuongeza. Bwana Mkubwa aliiweka kalamu chini, akaagiza mtu apelekwe Kipungani auangalie ua ule. Baadaye ulifunguliwa upande mmoja, nusu ya haki, lakini ukindu ulikatwa. Karani wa Kigoa alipewa kazi ya barua za ofisi, ambayo mimi nisingeiweza, na tukafanya kazi chumba kimoja miaka mingi kwa mapenzi. Mimi nilipewa kiti cha baraza. Mjomba alirudi Mombasa peke yake, na mama alilifungua sanduku langu kwa mikono yake, akipapasa.

Siku ile tulipotoka, Mkalimani alitembea nami usita mzima bila kumsalimia mtu kwa lugha yoyote. Nilingoja sifa. Hata kikohozi sikukipata. Tulipofika kwake aliniambia tu kwamba nimetema mate vibaya, mkalimani hupinda shingo kwanza.

Tangu hapo alikaa nyumbani. Wale aliowafundisha walitawanyika kwenye kazi zao: yule mwenye ulimi mwepesi aliingia forodhani akawa anawapigia Wahindi kelele kwa lugha yao, mwingine akawa wakala wa meli, mwingine akaenda kwenye mashamba ya bara. Tulikuwa tukimtembelea, na kila mwaka tulilazimika kukaa karibu zaidi, mpaka sikio la pili nalo likafunga. Akabaki kutazama midomo.

Mara ya mwisho nilimwendea asubuhi, baada ya safari ya kazi iliyoniweka mbali kwa miezi. Bi alinifungulia. Alikuwa amezeeka ghafla, na asumini hakuwa nazo nywelani.

"Mwalimu hali yake, Bi?"

"Kheri, mwanangu. Alhamdulillahi."

Sikumwuliza tena. Nikaingia ndani.

Alikuwa amelala kitandani, mwembamba kuliko mwavuli wake uliokuwa umeegeshwa ukutani. Macho tu ndiyo yalikuwa yake. Nikakaa mahali penye mwanga ili midomo yangu aione.

"Huyambo, mwalimu?"

"Siyambo," akasema, kwa sauti isiyojua tena ukubwa wake. "Alhamdulillahi."

Nilimshika mkono. Yeye akanyoosha kidole kuelekea birika. Nikamwinua kichwa, nikamnywesha, akasukutua taratibu, nikamkingia bakuli akatema. Nikadhani anataka kuniambia jambo kwa lugha nyingine. Badala yake alinitazama kama alivyonitazama siku ile kutoka kwenye benchi la ukutani.

"Fasiri," akasema.

Nilitaka kumwambia atapona. Nilitaka kumwambia habari za mjini, za karani wa Kigoa, za bibi wa Kipungani aliyeniletea mkeka. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikasema polepole, kila neno alione.

"Mwalimu asema yuwenda zake."

Alifumba macho, akanibana kidole kwa nguvu zilizobaki.

"Naam," akasema. "Hukuongeza, hukupunguza."